Meli ya Hewani Iliyorudi Njiani

Sogeeni karibu na redio, na karatasi ya somo iwe mbele yenu.

Ninyi mlio Tabora mnaijua njia ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo mpaka Tabora, na kutoka hapo mpaka Ujiji. Wanyamwezi walichukua mizigo katika njia hiyo kwa vichwa na mabega yao. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi. Mzungu mmoja, Burton, alitoka pwani mwezi wa Juni 1857, akafika Kaze, karibu na Tabora, mwezi wa Novemba. Kumbukeni habari hiyo. Leo nitawaeleza chombo kilichotakiwa kufanya kazi ya wapagazi 500 kwa siku chache tu.

Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walitawala nchi hii, lakini manowari za Waingereza ziliwafungia njia ya bahari. Vitu vya Ulaya vikaadimika. Mwaka 1916 hata fedha walijitengenezea: huko Lulanguru, karibu na Tabora, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Lakini dhahabu haifungi kidonda. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora. Mwaka uliofuata jeshi la Wajerumani, likiongozwa na Lettow-Vorbeck, lilikuwa limesukumwa kusini kabisa.

Ndipo wakubwa wao huko Ulaya wakafanya jaribio. Walichukua meli ya hewani, wakairefusha kwa ajili ya safari ya Afrika. Iliungua Oktoba 1917 kabla ya kuondoka. Wakarefusha ya pili, iliyoitwa L 59. Urefu wake ulikuwa mita 226, yaani kupita viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa.

Meli ya hewani si eropleni. Eropleni hubebwa na mabawa yake. Meli ya hewani huelea kwa sababu tumboni mwake mna hewa nyepesi sana, iitwayo haidrojeni. Hewa hiyo ikipungua, meli inashuka. Na huku Afrika haidrojeni haikupatikana. Kwa hiyo meli ikifika haingeweza kurudi, na waliojenga walilijua jambo hilo tangu mwanzo. Wakapanga ivunjwe na kutumiwa yote: kitambaa cha nje kiwe mahema, cha ndani kiwe bandeji, ngozi ya njia ya kupitia watu iwe viatu, na mifupa yake ya chuma chepesi iwe mlingoti wa simu ya upepo. Mimi naona hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote katika shauri hili.

Ilipakiwa tani 15: risasi, bombomu, dawa, hata nishani. Tani 15 ni kilo 15,000. Gawanyeni kwa 30, mtapata wapagazi 500.

Tarehe 21 Novemba 1917 iliondoka Jamboli, katika nchi ya Bulgaria. Mkubwa wake alikuwa Bockholt. Ilivuka bahari, ikaingia jangwa la Misri. Hapo taabu ilianza. Mchana jua liliipasha hewa ile joto, ikatanuka na nyingine ikatoka. Usiku baridi iliifanya isinyae, meli ikawa nzito, karibu ianguke. Mashine moja iliharibika, nayo ndiyo iliyoendesha simu ya upepo ya kupeleka habari. Basi waliweza kusikia, lakini hawakuweza kujibu.

Usiku wa kuamkia tarehe 23, wakiwa upande wa magharibi wa Khartoum, walisikia amri: rudini, adui ameshika sehemu kubwa ya nchi ya Makonde. Wakageuka. Walifika Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 na kilomita 6,757. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma kuingia nchi ya Wareno, na mizigo yake ilikuwa bado vichwani mwa wapagazi. Katika vita hivyo wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa maelfu na maelfu, kwa njaa na maradhi zaidi kuliko kwa risasi.

L 59 iliungua angani karibu na Italia tarehe 7 Aprili 1918, na wote waliokuwamo wakafa. Haikujengwa nyingine ya safari ile.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni: mpagazi, msafara, haidrojeni. Kisha gawanyeni 6,757 kwa 95, mjue meli ilikwenda kilomita ngapi kwa saa.