Kwa nini pombe ya mtama haing'ai

Mvua za Dodoma hukatika kati ya mwezi wa nne na wa tano. Kufikia mwezi wa saba mtama na uwele vimekwisha kukatwa, kukaushwa na kupurwa, na vilabu vya Mvumi, Bahi na Kongwa vimechangamka. Pombe ya mtama, ambayo Wagogo huiita ujimbi, hupikwa wakati wowote nafaka ikiwepo, lakini msimu wake hasa ni huu: magunia yamejaa, jembe limepumzika, ngoma na sherehe zimeanza. Asiyeizoea akipewa kata ya kwanza huona kitu kizito cha rangi ya kahawia iliyochanganyika na waridi, chenye vipovu vinavyopasuka juu, na ndani yake haoni chochote. Kama amekulia kwenye bia ya chupa, jambo la kwanza kumjia kichwani ni kwamba haikuchujwa vizuri.

Ajabu ni kwamba huko Marekani siku hizi watu wanalipa zaidi ili wapate bia isiyong'aa. Katika bonde la Yakima, jimbo la Washington, ambako hulimwa takribani robo tatu ya hopsi zote za nchi hiyo, mavuno huanza mwishoni mwa Agosti. Hopsi ni maua ya mmea unaoparamia kamba mpaka mita tano na zaidi, na ndiyo yanayoipa bia uchungu na harufu yake. Kwa kawaida hukaushwa. Lakini kila msimu wa mavuno viwanda vidogo hutuma magari mashambani usiku, yakarudi na maua mabichi ambayo hutumbukizwa kwenye pipa ndani ya saa 24, kabla hayajaanza kuoza, maana karibu asilimia 80 ya uzito wake ni maji. Kinachotafutwa ni mafuta mepesi ya harufu ambayo joto la kukaushia huyapeperusha. Bia inayotokana nayo hunywewa changa, na nyingi huachwa na ukungu wake kwa makusudi.

Dodoma haitapata bia ya namna hiyo kutoka mashamba yake. Hopsi huhitaji siku ndefu za kiangazi ili zikue, kisha siku zipungue ndipo zichanue vizuri. Mji wetu uko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na tofauti ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki dakika 45. Hata George, kule kusini kabisa mwa Afrika Kusini, wakulima iliwabidi wawashe taa mashambani kuurefusha mchana, mpaka zilipozalishwa aina zinazovumilia siku fupi. Lakini pombe changa, ya msimu, yenye ukungu, tunayo tangu zamani, na sayansi ya ukungu wake inasisimua kuliko ile ya hopsi.

Kioevu huwa na ukungu pale mwanga unapogonga vijichembe vinavyoelea ndani yake na kutawanyika badala ya kupita moja kwa moja. Katika ujimbi vijichembe hivyo ni vya aina tatu: punje za wanga wa mtama, zenye upana wa mikroni 15 hivi, seli za hamira, mikroni 5 na zaidi kidogo, na mafundo madogo sana ya protini yaliyoshikana na tanini, ambayo hayafiki hata mikroni moja. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Ukubwa huo ndio unaoamua nani azame na nani abaki juu. Mwaka 1851 mwanahisabati George Gabriel Stokes alionyesha kwamba mwendo wa chembe inayozama hufuata mraba wa upana wake: chembe yenye upana mara mbili huzama kwa kasi mara nne. Ukipiga hesabu kwa kioevu chepesi kama bia, kilichotulia, punje ya wanga hushuka zaidi ya sentimita kumi kwa saa, seli ya hamira milimita mbili tatu kwa saa, na fundo la protini na tanini halifikishi milimita moja kwa siku nzima. Ndiyo maana mnywaji mzoefu huzungusha kata kabla ya kuipeleka mdomoni, na ndiyo maana pakiti za Chibuku, pombe ya namna hii inayotengenezwa kiwandani, hutikiswa kwanza. Kinachoinuliwa kwa kuzungusha ni wanga. Ukungu mwembamba wa yale mafundo hauhitaji kuinuliwa, kwa sababu haukuwa umeshuka. Na kwa kuwa ujimbi hunywewa ukiwa bado unachemka kwa hewa ukaa, vipovu vinavyopanda huzivuruga hata zile chembe zilizokwisha kuamua kulala.

Hapa kwenye tanini ndipo bia ya Yakima na pombe ya Mvumi zinapokutana. Tanini zina tabia ya kung'ang'ania protini, hasa protini zenye wingi wa asidi-amino iitwayo prolini. Protini za shayiri na ngano zina prolini nyingi. Tanini za hopsi huzinasa, na ukungu unazaliwa. Protini kuu ya mtama, kafirini, nayo ina prolini nyingi, na mtama mwekundu wenye tanini hauna haja ya kuletewa maua kutoka popote, kwani umebeba pande zote mbili za ndoa hiyo ndani ya punje moja. Kitu kile kile hutokea kinywani. Mate yetu yana protini zenye prolini, na ukimeza pombe ya mtama mwekundu, au ukiuma ndizi mbichi, tanini huzinasa hizo pia. Ulimi ukakauka na kukaza. Ukakasi ni ukungu unaotokea juu ya ulimi.

Mkulima wa Dodoma hakuchagua tanini kwa ajili ya pombe. Amepambana na kwelea kwelea. Ndege mmoja hula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege milioni moja huondoka na tani 10 kila jua linapokuchwa, na makundi makubwa kuliko hayo si kitu cha ajabu. Serikali hufikia kutuma ndege za kunyunyiza sumu. Mtama wenye tanini hauwapendezi sana kwelea wakati punje bado ni changa. Njaa ikiwazidi wanakula vyote, hilo tusidanganyane, lakini palipo na shamba jeupe na jekundu jirani, jeupe ndilo huanza kuisha.

Tatizo ni kwamba tanini haichagui protini. Vimeng'enya vya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ambavyo hukata wanga kuwa sukari, navyo ni protini, na tanini ikivinasa vinazubaa. Wakiga wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, walipata dawa yake: huloweka mtama mwekundu kwenye maji ya majivu kabla ya kuuotesha, na magadi ya majivu hayo huvunja nguvu za tanini.

Kimea chenyewe kinastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, maana watu wengi hudhani kupika pombe ni kuacha vitu vioze. Mtama huloweshwa usiku kucha, hutandazwa na kufunikwa siku tatu mpaka tano, ukichipua huanikwa juani na kusagwa. Punje inapochipua huzalisha vimeng'enya vya kukata wanga kuwa sukari, kwa ajili ya mche ulio njiani kuzaliwa. Mpika pombe humwahi mtoto kwenye chakula chake. Joto linalofaa kuotesha mtama ni nyuzi 25 mpaka 30, ambalo kwetu halihitaji mashine. Shayiri ya Ulaya hutaka nyuzi 15 hivi, na mwenye kiwanda hulipia umeme wa kuipoza.

Katika mche huo kuna hatari ambayo wafugaji wanaijua kuliko wapishi. Mtama unaochipua hutengeneza kitu kiitwacho dhurini, ambacho kikivunjika hutoa sianidi. Ng'ombe aliyeingia kwenye shamba la mtama mchanga, hasa uliopigwa na jua la ukame, anaweza kufa hapo hapo. Kinachowaokoa wanywaji ni kwamba sianidi hiyo ikishaachiwa hugeuka hewa kwenye nyuzi 26 tu, kwa hiyo kuanika, kusaga na kupika huipunguza sana, na kuyapukuta machipukizi na mizizi baada ya kukausha huondoa sehemu yenye dhurini nyingi zaidi.

Sasa njoo jikoni. Vimeng'enya haviwezi kuukata wanga mpaka punje zake zivimbe kwa joto na kufunguka. Wanga wa shayiri hufunguka kwenye nyuzi 60 hivi, joto ambalo vimeng'enya vyake bado vinalivumilia, kwa hiyo Mzungu huchanganya kila kitu kwenye pipa moja la nyuzi 65 na kazi ikaisha. Wanga wa mtama ni mkaidi: hutaka nyuzi 70 na kuendelea, na hapo vimeng'enya vimeanza kufa. Ukiwasha moto wa kutosha kuufungua wanga, umewaua wakataji. Ukiuhurumia moto, wakataji wapo lakini mlango umefungwa.

Mama wa Kigogo analimaliza jambo hili kwa vyungu viwili. Kwanza hupika uji mzito wa unga wa mtama au uwele mpaka uchemke. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96, zinatosha na kubaki. Kisha huuacha upoe mpaka uwe wa vuguvugu, ndipo anatia kimea kibichi. Kipimajoto hana; ana mkono wake. Mapishi hutofautiana kijiji kwa kijiji, wengine huchemsha mara mbili na kutia kimea mara mbili, ila kiini hakibadiliki: wanga hufunguliwa kwanza, wakataji huletwa baadaye. Huo ni uhandisi, na viwanda vikubwa vinavyotumia mtama hufuata mantiki hiyo hiyo, tofauti ikiwa kwamba wao mara nyingi hununua vimeng'enya vya dukani.

Na hapo hapo ndipo ukungu unapopata hatima yake. Kimea kilichotiwa kwenye uji wa vuguvugu hakikupikwa. Wanga wake mwenyewe haukufunguka, kwa hiyo haukatwi. Unapenya kwenye kung'uto na kuelea katika pombe ukiwa punje nzima. Zaidi ya hayo, kimea cha mtama kina upungufu wa kimeng'enya kimoja kati ya viwili vikuu, ukilinganisha na cha shayiri, hivyo vipande vingi vya wanga hubaki nusu njia. Wanaosema ujimbi ni chakula hawatanii. Hata hivyo kilevi chake, kwa kawaida asilimia 2 mpaka 4, hakijali kwamba umeshiba, na wake wa walevi wanaweza kueleza vizuri zaidi yangu.

Kimea kibichi huleta pia wageni wasioonekana: hamira, na bakteria wa asidi ya laktiki, jamii moja na wale wa maziwa mgando. Hawa hufanya kazi kwanza. Kwa siku moja hivi huitia pombe uchachu mkali, na uchachu huo huwazuia wadudu wengi wa kuharisha wasistawi. Hopsi nazo ziliingia kwenye bia ya Ulaya kwa kazi ya ulinzi, lakini asidi zake chungu huwaua hasa hao hao bakteria wa laktiki. Wazungu wamemfukuza mlinzi ambaye sisi tumemwajiri. Wachaga wako katikati: mbege yao ya ndizi na ulezi hutiwa gome la msesewe kwa ajili ya uchungu, na bado uchachu umo.

Gharama ya kutokuua kitu chochote ni muda. Ujimbi haumalizi wiki. Siku ya pili ni mtamu kwa uchachu na vipovu, siku ya nne bakteria wengine wameanza kuugeuza siki. Ukiuziba kwenye chupa unajitafutia mlipuko, kwani hamira haijui kwamba kifuniko kimefungwa. Baridi ya usiku wa mwezi wa saba, inayoweza kushuka chini ya nyuzi 15, huchelewesha mambo kidogo, ndiyo sababu mtungi hufunikwa blanketi au kusogezwa karibu na jiko.

Mapenzi ya bia inayong'aa si ya kale hivyo. Bia ya dhahabu iliyo angavu ilipikwa Plzeň, nchi ya Ucheki ya leo, mwaka 1842, na ikaenea pamoja na bilauri za kioo za bei nafuu. Kabla ya hapo, katika kikombe cha bati au cha udongo, nani angeangalia? Kibuyu nacho hakikumwonyesha mtu kitu. Ili kuupata mng'ao huo viwandani, bia hupitishwa kwenye unga wa diatomaiti, mabaki ya mwani mdogo sana wa majini wenye magamba ya silika. Unga wa namna hii huchimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, ambako zamani palikuwa ziwa. Mafundo yale yasiyozama hata siku nzima ndiyo yanayowasumbua zaidi wenye viwanda. Kuna bia inayotoka kiwandani ikiwa angavu, kisha ikapata ukungu kwenye friji na kuupoteza tena ikipata joto la chumbani.

Kwa hiyo mwaka 2002, Nile Breweries ya Uganda ilipoanza kutengeneza Eagle Lager kwa mtama badala ya shayiri, iliegemea Epuripur, mtama mweupe usio na tanini uliozalishwa Serere. Tanzania nayo imefuata njia hiyo, na leo malori ya wanunuzi wa viwanda hufika Kongwa na Bahi baada ya mavuno kutafuta mtama mweupe, mkavu, usio na mchanga. Mwekundu hawauulizii hata bei, nao kwelea hawakuugusa sana, kwa hiyo ndio unaobaki wa kutosha nyumbani.