Ukope Unapoligeukia Jicho

Watu wengi wasikiapo habari za upasuaji wa kurekebisha maumbile ya uso, fikira zao huwaendea mara moja wenye mali wanaotaka kuondoa makunyanzi na kurudisha ujana uliokwisha kupita, na kwa sababu hiyo huidhani kuwa ni tiba ya anasa isiyomhusu mkulima wala mfugaji. Dhana hiyo ina madhara makubwa, kwani katika nyanda kame za Afrika Mashariki, tangu Dodoma hadi Narok na Turkana, uko upasuaji wa ukope usio na shughuli na urembo hata kidogo, ambao makusudi yake ni kuiokoa nuru ya macho ya waliopatwa na trakoma, maradhi ambayo wenyeji wengi huyaita vikope.

Maradhi hayo huletwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis, naye huenezwa kwa vidole, kwa kitambaa au khanga inayowafutia watu wengi nyuso zao, na kwa nzi wanaotua juu ya matongo na makamasi ya watoto. Mtoto akiambukizwa mara moja aghalabu hupona pasipo dhara; lakini akiambukizwa tena na tena, miaka nenda miaka rudi, utando laini ulio upande wa ndani wa ukope wa juu huingia makovu, na makovu hayo, kama ngozi mbichi iliyowambwa juani, hukauka yakijivuta, hata ukingo wa ukope ukapinduka kuelekea ndani. Hapo nywele zilizoumbwa kulihifadhi jicho na vumbi hulikwaruza kila mtu apepesapo, naye hupepesa maelfu ya mara kwa siku moja. Kioo cha mbele cha jicho hupata vidonda, vidonda huacha weupe, na weupe ukishaifunika mboni nuru haipiti tena. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba wanawake hupofuka kwa trakoma hata mara nne zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto wachanga, ambao maambukizo yamejaa kwao.

Mama aliyefikwa na hali hiyo humwita binti yake, akaketi mlangoni penye mwanga, akang'olewa nywele moja moja kwa kibano. Hupata faraja, ila haidumu: katika muda wa wiki chache nywele huota upya, na zile zilizokatika katikati hubaki vishina vigumu vinavyochoma kuliko unywele mzima. Matabibu hawaikatazi njia hii kwa mwenye nywele chache zilizopinda, maadamu anatumia kibano kizuri na kuhudhuria uchunguzi. Lakini ukingo wote ukishapinduka, dawa yake ni upasuaji.

Upasuaji wenyewe si wa kutisha. Mgonjwa hulazwa chali, akatiwa matone na kuchomwa sindano ya ganzi katika ukope, naye huwa macho muda wote pasipo kuhisi maumivu ya kisu. Kwa njia iliyoenea sana, tabibu huupasua ukope kwa mstari unaoufuata ukingo wake, milimita 3 hivi juu ya mahali nywele zinapoota, akalipenya na lile tabaka gumu la ndani. Kisha hutia nyuzi kwa namna inayouvuta ukingo ugeuke nje. Kazi ya ukope mmoja haifiki saa nzima, wala hailazimu hospitali kubwa, kwani wauguzi na matabibu wasaidizi waliofundishwa barabara huifanya katika zahanati za vijijini. Mgonjwa hurejea kwake siku ile ile, na nyuzi zisizoyeyuka hutolewa baada ya wiki moja au mbili.

Hata hivyo, insafu yataka mgonjwa aelezwe mambo mawili kabla ya kisu. La kwanza, upasuaji huu huizuia hasara isizidi, wala hauurudishi uoni uliokwisha kufunikwa na weupe. La pili, wako ambao nywele zao hupinda tena baada ya miezi au miaka. Kwa hiyo ustadi wa mpasuaji una thamani kubwa, dozi ya azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, baada ya upasuaji husaidia, na kurudi kuangaliwa ni wajibu.

Kope zina maradhi mengine yanayotibiwa kwa kisu. Ukope wa juu uliolegea tangu kuzaliwa ukiiziba mboni, jicho la mtoto halijifunzi kuona, na kuchelewa humgharimu uoni wa maisha. Jicho lisilofumba kwa sababu ya ukoma au kupooza kwa uso hukauka na kupata vidonda mpaka ukope urekebishwe. Lakini ukope ulioanguka ghafla, pamoja na kichwa kuuma au kuona vitu viwili viwili, huenda ukawa ni dalili ya hatari ndani ya ubongo, na mwenye nao apelekwe hospitali pasipo ajizi.

Bora kuliko kisu ni kinga. Utafiti wa wilayani Kongwa, huko Dodoma, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba watoto wa vijiji vilivyohimizwa kunawa nyuso hawakupatwa na trakoma kali kwa wingi kama wale wa vijiji vingine. Kunawa, dawa, vyoo na maji, pamoja na upasuaji kwa waliokwisha kudhurika, ndiyo mambo yaliyoifanya Omani kuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, kuwa imeikomesha trakoma kama tatizo la siha ya umma. Na jirani yetu Burundi ilithibitishwa mwaka 2025.

Basi, msomaji, ukimwona mama au bibi yako anakimbia mwanga, machozi yanamtiririka na kibano hakimtoki mkononi, usimwambie kwamba ni uzee. Mshike mkono, umfikishe kwa tabibu wa macho ilhali angali anauona uso wako.