Maji Hupalia Kuliko Ugali

Mgonjwa wa kiharusi akirudi nyumbani, jamaa huogopa nyama na ugali. Maji hayamtishi mtu. Kumbe kwa aliyelegea ulimi na koo, maji ndiyo yenye hila, kwa sababu yanakwenda mbio. Tunapomeza, zoloto hupanda na kidakatonge hufunika njia ya hewa, kazi inayokwisha chini ya sekunde moja. Misuli ikichelewa kidogo, maji yamekwishafika na njia iko wazi. Kinywaji kizito huteremka taratibu, misuli ikapata muda wa kujipanga.

Asiyekohoa si lazima awe salama. Wapo ambao kiharusi kimewafisha hisia za koo, maji yakaingia mapafuni bila hata kikohozi. Shaka huja baadaye: sauti yenye majimaji baada ya kunywa, homa za mara kwa mara, kisha nimonia. Kwa hiyo uamuzi ni wa mtaalamu wa tiba ya usemi na umezaji, tena baada ya kumpima mgonjwa.

Naye hatasema "mpeni kizito" akaishia hapo. Mfumo wa kimataifa wa IDDSI umepanga vinywaji katika ngazi kuanzia 0, yaani maji ya kawaida, hadi 4, kinacholiwa kwa kijiko. Kipimo chake chafanyika hata jikoni. Chukua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe. Mistari yake kutoka 0 hadi 10 iwe na urefu wa milimita 61.5, maana mabomba hayalingani. Ziba tundu kwa kidole, jaza hadi 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena. Ikibaki chini ya mililita 1, hiyo ni ngazi 0. Ikibaki 1 hadi 4 ni ngazi 1, 4 hadi 8 ni ngazi 2, zaidi ya 8 ni ngazi 3. Kisipodondoka kabisa, umefika ngazi 4.

Basi uji je? Jamaa huuliza kwa nini wanunue unga maalumu wa kufanya vinywaji viwe vizito na ulezi upo ndani. Uji uliochujwa chenga unafaa, ila hautulii. Ukipoa huganda, kwa hiyo upimwe katika joto lilelile atakalounywea. Tena mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga: kijiko kikitoka mdomoni na kurudi bakulini, uji hulegea, mgonjwa akamalizia chepesi alichokatazwa. Mmiminie kidogo kidogo. Unga wa dukani wa wanga una udhaifu huohuo. Wa gamu ya zanthani huyahimili mate. Barafu na aiskrimu pia zisiwadanganye, zikifika mdomoni ni maji.

Vinywaji hivi havipendwi, na mara nyingi mgonjwa hunywa pungufu ya anachohitaji. Mkojo huwa wa rangi ya chai, choo kikafunga. Hapo mlezi akichanganya dawa ya choo ya makrogoli na unga wa wanga, kinywaji hurudi kuwa chepesi, naye hana habari.

Tuseme na ukweli wa upande wa pili. Katika picha za eksirei, vinywaji vizito hupunguza kinachopotea njia, lakini kuzuia nimonia ni jambo jingine. Utafiti wa Marekani wa 2008, uliohusisha watu 515 wenye ugonjwa wa Parkinson au demensia, haukuona tofauti ya wazi ya nimonia kati ya waliokunywa vizito na waliokunywa vyepesi huku wameinamisha kidevu. Mimi nayapa uzito mkubwa mambo ambayo hayauzwi kwenye kopo: mgonjwa aketi wima anapokunywa na nusu saa baadaye, na kinywa kipigwe mswaki kila siku, kwani bakteria wa mdomoni ndio wanaosafiri na maji hadi mapafuni. Tena koo la aliyepata kiharusi mara nyingi hupata nafuu wiki za mwanzo. Aliyetoka hospitali na ngazi 3, akabaki nayo miezi 6 bila kupimwa upya, huenda ananyimwa chai yake bure.