Kufundisha Maana ya Ushahidi kwa Kamera za Kutegea

Mwalimu wa elimu ya viumbe hana budi kuwazoeza wanafunzi kutenga walichokiona na wanachokikisia. Somo la kamera za kutegea lafaa sana kwa kazi hiyo.

Kamera hizo hufungwa kwenye shina la mti, kando ya njia ipitwayo na wanyama. Ndani yake mna kifaa kihisicho joto linalosogea. Mnyama akatizapo, kamera hupiga picha na kuweka tarehe na saa, usiku na mchana, bila mtu kuwapo.

Katika milima ya Udzungwa, Tanzania, mwaka 2005, kamera zilizotegwa katika msitu wa Ndundulu zilipata picha za sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, asiyefanana na sange waliokwisha kujulikana. Wataalamu hawakuridhika na picha peke yake. Mwaka 2006 walikamata wachache, wakawapima na kuwalinganisha na wengine. Jina la kitaalamu, Rhynchocyon udzungwensis, likatolewa mwaka 2008. Wanafunzi waulizwe: picha haikuweza kuonyesha nini? Jibu ni fuvu, meno na uzito.

Makosa mawili yajihadhariwe. La kwanza ni kudhani kwamba picha kumi ni wanyama kumi, ilhali paa mmoja aweza kupita mara kumi. Chui hutambulikana mmoja mmoja kwa madoa yake, lakini wanyama wengi hawana alama kama hizo. La pili ni kudhani kwamba mnyama asiyepigwa picha hayupo. Mbega akaaye juu mitini huenda asipite kabisa mbele ya kamera iliyo chini. Hesabu ikikosewa, wanyama waweza kupungua na walinzi wa msitu wasitambue mapema.

Shule isiyo na kamera isiliache somo hili. Jioni, wanafunzi watandaze majivu yaliyochekechwa mahali patano pembeni mwa shamba la shule. Asubuhi wachore nyayo watakazozikuta, kisha wajaze jedwali lenye safu tatu: mahali, nyayo zilizoonekana, na jambo liwezalo kusemwa kwa hakika. Kazi hiyo irudiwe kwa siku tano.

Mwanafunzi akiandika "paka watatu", mwalimu asimsahihishe upesi. Amwulize amejuaje kuwa si paka mmoja aliyepita mara tatu, kisha ampe nafasi ya kujibu.