Tafsiri ya hitilafu za hifadhidata nayo ihakikiwe

Kuna jambo linalokatiza kazi ya programu njiani, na wapo wanaoliita kosa. Mimi napendelea hitilafu. Kosa huwa na mkosaji, ilhali wanafunzi wawili wakijisajili kwa nambari moja, hifadhidata ikamkataa wa pili, imefanya kazi yake barabara.

Kati ya programu na hifadhidata hukaa maktaba ya kuifikia data. Hupokea lalamiko la hifadhidata na kulipa jina ambalo programu italielewa. Oracle husema ORA-00001, MySQL 1062, PostgreSQL 23505. Maana ni moja: thamani hii ipo tayari. Maktaba ya Spring, katika lugha ya Java, huziita zote DuplicateKeyException. Hiyo ni tafsiri, ndugu msomaji, na tafsiri huhakikiwa.

Vipi? Wengi hutunga hifadhidata ya kuigiza, wakaiamuru irushe hitilafu, kisha wakashangilia eti maktaba imeidaka. Hapo wamejaribu nini ila dhana yao wenyewe? Jaribio la haki huingiza rekodi ileile mara mbili katika hifadhidata halisi, ya toleo litakalotumika kazini, halafu hukagua aina ya hitilafu, msimbo wake, na kama hitilafu asilia imehifadhiwa ndani.

Lisikague maneno. PostgreSQL huweza kutoa ujumbe kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani, kutegemea mpangilio wa lc_messages. Anayetafuta neno la Kiingereza ndani ya ujumbe ataumbuka siku seva itakapobadilishwa lugha. Alama tano za msimbo wa SQLSTATE hazibadiliki. Sisi walimu wa lugha tungependa maneno yatoshe, lakini hapa hayatoshi.

Misimbo yenyewe haifai kuchanganywa. 40001 ni miamala iliyogongana; programu irudie muamala mzima. 23505 ukiirudia ni kazi bure. Inayoniogofya ni ile inayoanza na 08: muunganisho umekatika. Ukikatika wakati malipo ya karo yanathibitishwa, programu haijui kama yaliandikwa au la. Maktaba ikiziita zote tatu "hitilafu ya data", programu itarudia kwa pupa na malipo yataandikwa mara mbili. Basi anayejaribu aukate muunganisho makusudi, papo hapo kwenye uthibitisho, kisha afungue jedwali na kuhesabu rekodi.