Farasi Wawili Juu ya Paa

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Wekeni madaftari tayari. Kiongozi wa darasa aandike ubaoni maneno haya matano: sarafu, mashine, kampuni, mtaji, bahati. Yasomeni pamoja kwa sauti, mara mbili. Mtayakuta katika somo la leo.

Leo tutasoma habari za kampuni moja ya Japani iitwayo Namco. Kampuni hiyo ilitengeneza mashine za michezo. Mtu hutia sarafu, kisha hucheza. Labda utauliza, "Mtu mzima ana haja gani na habari za michezo?" Haja ipo. Mashine zinazokula sarafu zimefika hata katika mitaa na vijiji vyetu, na mara nyingi watoto wanazijua kuliko wazazi wao. Yafaa mzazi ajue mashine hizo zilianzaje, na ajue kuzitofautisha.

Mwanzo mdogo

Aliyeanzisha kampuni hiyo ni Bwana Masaya Nakamura, aliyezaliwa mjini Tokyo mwaka 1925. Alisomea kazi ya kuunda meli, akamaliza masomo mwaka 1948. Lakini Japani ilikuwa imeshindwa vitani mwaka 1945, na kazi za kuunda meli zilikuwa haba. Basi akaenda kufanya kazi katika biashara ya baba yake, ya kutengeneza bunduki zilizoharibika.

Mwezi wa Juni mwaka 1955 alianza biashara yake mwenyewe. Alikuwa na farasi wawili tu! Nao hawakuwa farasi wa kweli, bali farasi wa bandia, wa kupandwa na watoto. Aliwaweka juu ya paa la duka kubwa katika mji wa Yokohama. Mtoto alipanda, mzazi akalipa, na farasi akatikisika kwa muda mfupi.

Kwa nini juu ya paa? Maduka makubwa ya Japani yalikuwa na ghorofa nyingi, na paa zake zilikuwa bapa. Watu waliokuja kununua vitu walipanda huko pamoja na watoto wao kupumzika. Bwana Nakamura hakuwa na mtaji mkubwa, lakini alichagua mahali ambapo wateja walikuwapo tayari. Jambo hili hata mama auzaye maandazi analijua. Huweka meza yake penye njia ya watu, si nyuma ya nyumba.

Biashara ikakua. Mwaka 1963 aliweka vyombo vya kuchezea katika duka mashuhuri la Mitsukoshi mjini Tokyo. Mwaka 1974 alinunua tawi la Japani la kampuni ya Kimarekani iitwayo Atari, ambayo ilikuwa ikitengeneza michezo ya video. Hiyo ni michezo inayochezwa kwenye kioo kama cha televisheni, na vijana wetu huiita gemu. Mwaka 1977 kampuni ya Nakamura ilianza kuitwa Namco.

Mchezo wa kula nukta

Katika miaka ile gemu nyingi zilikuwa za kupiga risasi na kupigana. Kumbi za michezo zilijaa wanaume. Katika kampuni ya Namco alikuwako kijana mmoja, Toru Iwatani, aliyeingia kazini mwaka 1977. Yeye alitaka gemu ambayo wanawake nao wangependa kuicheza. Akafikiri, "Ni jambo gani ambalo kila mtu hulipenda?" Akaona ni kula.

Yeye na wenzake wachache wakatengeneza gemu iitwayo Pac-Man, iliyotolewa mwaka 1980. Jina hilo lilitokana na neno la Kijapani linaloiga mdomo unaofunguka na kufumba wakati wa kula. Katika gemu hiyo, kiumbe cha manjano, mviringo kama chapati iliyokatwa kipande, hupita katika njia zenye kona nyingi akila nukta. Vizuka vinne humfukuza, na kila kizuka kina tabia yake. Akila kidonge kikubwa, mambo hugeuka: kwa muda mfupi yeye ndiye huwafukuza vizuka na kuwala.

Gemu hiyo ilipendwa sana Japani, na zaidi Marekani. Wake kwa waume waliicheza.

Tufanye hesabu

Katika uwanja mmoja wa Pac-Man mna nukta ndogo 240. Kila moja hutoa pointi 10. Mna vidonge vikubwa 4, na kila kimoja hutoa pointi 50. Andika hivi:

240 × 10 = 2,400
4 × 50 = 200
Jumla: 2,600

Hizo ni pointi za nukta na vidonge tu. Vizuka na matunda huhesabiwa mbali.

Sarafu mbili zisizofanana

Sasa sikiliza vizuri. Mtu aliyetia sarafu katika mashine ya Pac-Man alinunua mchezo. Akiwa na ustadi, alicheza muda mrefu kwa sarafu ileile. Hakutazamia kurudishiwa fedha.

Mashine za kubahatisha, ambazo wengi huziita dubwi, ni kitu kingine. Hapo mtu hununua bahati. Ustadi haumsaidii. Mashine hupangwa hivi kwamba, michezo mingi ikihesabiwa pamoja, fedha inayoingia huzidi inayotoka. Kama sivyo, mwenye mashine angepata wapi faida? Tuseme mtu hupoteza sarafu 5 za shilingi 200 kila siku. Hiyo ni shilingi 1,000. Kwa siku 30 ni shilingi 30,000. Mtu asiyejua hesabu hukumbuka siku aliyoshinda. Ajuaye huandika zote. Na sheria ya Tanzania hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha. Ukimwona mtoto amesimama mbele ya mashine yenye taa, usimpige kwanza. Tazama ni mashine ya namna gani.

Mwisho wa habari

Mwaka 2005 Namco iliungana na kampuni ya Bandai, itengenezayo vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 2007 Bwana Iwatani aliacha kazi katika kampuni, akawa mwalimu wa chuo kikuu, kufundisha wengine kutengeneza gemu. Bwana Nakamura alifariki mwezi wa Januari mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 91.

Maswali

1. Bwana Nakamura alianza na farasi wangapi, na mahali gani?
2. Kwa nini Bwana Iwatani alichagua jambo la kula?
3. Mtu akipoteza shilingi 600 kila siku, atapoteza ngapi kwa siku 30?
4. Eleza kwa maneno yako tofauti ya kununua mchezo na kununua bahati.

Swali la nne lijadilini pamoja kabla ya kuandika. Kwaherini, wanakisomo.