Mwanagenzi wa Ufundi wa Mitambo

Kila mahali penye mitambo, kama kinu cha unga, kiwanda cha sukari, bandari au karakana ya reli, pana watu wa kazi mbili. Wa kwanza ni wale wauendeshao mtambo, nao huonekana na watu wote. Wa pili ni wale wautunzao, nao hawaonekani sana, maana kazi yao ikifanywa vema hakuna jambo litukialo. Gurudumu huzunguka, mkanda hupita, unga hutoka, wala hapana aulizaye kwa nini. Kijana ajifunzaye kazi hii ya pili chini ya fundi huitwa mwanagenzi.

Mwanagenzi hufika karakanani siku ya kwanza akitumaini kufungua injini mara moja. Badala yake hupewa kipande cha chuma na tupa. Huambiwa akibane chuma hicho katika jiriwa, akipige tupa mpaka uso wake uwe sawasawa kabisa. Kazi hii huonekana nyepesi kwa yule asiyeijaribu. Mikono ya mgeni hupanda na kushuka, na tupa hula zaidi kandokando kuliko katikati, hata chuma huwa na mgongo kama kobe. Fundi huweka rula ya chuma juu yake na kuinua vyote kuelekea dirishani. Nuru ipitayo chini ya rula humwonyesha kijana kosa lake, bila haja ya maneno. Basi huanza tena. Siku nyingi hupita hivyo, na viganja vyake huota malengelenge. Lakini mwishowe mikono hujua jambo lisiloweza kuandikwa ubaoni.

Baadaye hufundishwa kupima. Kwa kipimo kiitwacho maikromita husoma hata sehemu moja ya mia ya milimita, nayo ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Ekseli ikizidi unene kidogo tu, haitaingia katika beringi yake. Ikipungua kidogo tu, itacheza ndani yake na kuiharibu.

Kisha hujifunza habari za mafuta. Chuma kikisuguana na chuma hupata moto, kama viganja vya mikono vikisuguliwa. Joto hukipanua chuma, nyuso mbili huzidi kubanana, na mwisho hushikana kabisa. Mafuta yakiingia katikati hufanya utando mwembamba, hata chuma huteleza juu ya mafuta badala ya kukwaruza chuma kingine. Walakini wingi si wema. Beringi iliyojazwa grisi kupita kiasi nayo hupata moto, kwa kuwa grisi hiyo huvurugwa bure ndani yake. Kwa sababu hiyo aina ya mafuta, kiasi chake na siku ya kuyatia, vyote huandikwa katika daftari.

Kwa kuwa mtambo hausemi, mwanagenzi hujifunza kuusikiliza. Huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko cha beringi, na mpini wake huutia sikioni. Beringi nzima hutoa mvumo mmoja laini. Iliyoanza kuharibika hukwaruza au kugonga. Vumbi la rangi ya kutu kandokando ya nati humwambia ya kuwa bolti imelegea. Siku hizi viko vyombo vya kupima mtikisiko na joto la mtambo, lakini havikuondoa haja ya sikio lililozoea.

Iko sheria moja ambayo mwanagenzi hukaririshwa mbele ya nyingine zote: asitie mkono katika mtambo uliosimama mpaka umefungwa. Kusimama si kufungwa. Mtu mwingine, asiyejua ya kuwa kijana yumo ndani, aweza kubonyeza swichi, na mtambo hautambui mkono wala gunia. Kwa hiyo fundi hukata umeme kwenye swichi kuu, huitia kufuli yake mwenyewe, na ufunguo hukaa mfukoni mwake mpaka kazi iishe. Mafundi wakiwa watatu, kufuli nazo huwa tatu. Kisha hujaribu kuuwasha mtambo, apate kuona kweli ya kuwa hauendi. Hata kitu kizito kilichoinuliwa huwekewa nguzo chini yake, kwani kitu kinachoning'inia kina nguvu ya kuua ijapokuwa umeme umezimwa. Haraka ya dakika moja imewagharimu mafundi wengi vidole vyao.

Faida ya kutunza mitambo ilionekana wazi katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1913 meli iitwayo Graf von Götzen iliundwa katika mji wa Papenburg, Ujerumani. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli kuelekea Kigoma. Ilishushwa ziwani mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, isitwaliwe na adui zao. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nene, ili maji yasipate njia ya kukifikia chuma. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na baada ya miaka karibu 8 majini, injini na boila zake zilionekana zingali zafaa. Meli ikatengenezwa, ikapewa jina la Liemba, ikaanza kazi tena mwaka 1927. Injini zile za mvuke ziliiendesha mpaka miaka ya 1970, zilipowekwa za dizeli mahali pake.

Amwonaye mwanagenzi akizunguka kiwandani na kitambaa na kopo la mafuta aweza kumdharau, akidhani ya kuwa ni mtu wa kufagia. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Nati iliyokazwa leo kwa dakika moja huzuia ekseli isivunjike kesho, na ekseli ikivunjika kinu husimama, na wenye mahindi hurudi nyumbani na magunia yao.

Miaka ya kujifunza ikiisha, mwanagenzi hutahiniwa kwa maneno na kwa mikono. Akifaulu, hupewa mtambo wa kuutunza peke yake, na jina lake huandikwa katika daftari la mtambo huo. Tangu siku hiyo, beringi ikiungua, yeye ndiye atakayeulizwa kwanza.